Hema Lililotangulia Maiti

Jua huingia Kara-Tektir kama mkaguzi wa serikali: huchelewa, hutazama juu juu, kisha huondoka kabla halijaonyeshwa chochote. Bonde lenyewe ni gunia. Pande tatu limeshonwa kwa milima, na upande wa nne ndiko mto Kashka unakotorokea, barabara ikiwa imejibanza kando yake kwa woga. Theluji ikishuka, mdomo wa gunia hufungwa, na aliye ndani hubaki ndani. Wazee wa zamani, wafugaji, walilijua hilo, ndiyo maana hawakujenga mji. Walipandisha kondoo wao kiangazi, wakashuka nao nyasi zilipogeuka rangi, na katika miaka yote hiyo hawakuacha kitu bondeni isipokuwa makaburi.

Mji uliletwa na karatasi. Baada ya vita kuu, mtu mmoja aliyekaa mbali sana, ambaye hakuwahi kuja wala hakuonyesha hamu ya kuja, aliambiwa kwamba chini ya makaburi yale kuna makaa ya mawe. Akatia saini. Wakaja Warusi, wakaja Watatari, wakaja Wajerumani waliong'olewa kwenye mashamba yao ya Volga, na mwisho wakaja wenyeji wenyewe, walioshushwa kutoka mgongoni mwa farasi na kuteremshwa shimoni moja kwa moja. Zikasimama nyumba za ghorofa, shule, na jumba la utamaduni lenye nguzo nene kuliko utamaduni uliokuwamo. Mji ukala soseji za mji mkuu, ukajiona umefika. Kisha dola iliyokuwa ikiyahitaji makaa ikafa, tena ikafa bila kulazwa hemani wala kuliliwa na mtu, jambo ambalo Zurakan binti Asanbay hakuliona kuwa la adabu.

Zurakan alikuwa na haki ya kusema hivyo. Vilio vya Kara-Tektir vilikuwa mikononi mwake.

Aliingia mjini akiwa msichana, akapewa kazi katika chumba cha taa. Mchimbaji alipita dirishani, akaacha kibati chake chenye namba, akapewa taa ya kichwani. Alipopanda kutoka shimoni alirudisha taa, akapewa kibati, na taa ikatundikwa kwenye ndoana yake. Zamu ikiisha na ndoana moja ikabaki tupu, hakuna aliyehitaji kuelezwa neno. Zurakan aliolewa na namba mojawapo, fundi wa baruti aitwaye Satarkul, mtu mcheshi aliyekuwa na tabia ya kurudisha taa yake ikiwa imefungwa ua la mlimani. Siku ambayo ndoana ya Satarkul ilibaki tupu, zamu iliyofuata ilikuwa tayari imepanga foleni nje. Zurakan aliwagawia wote taa zao, mmoja mmoja, ndipo akaketi. Mjini kisa hicho kilisimuliwa kama ushujaa. Mwenyewe akiulizwa alisema foleni ilikuwa ndefu.

Satarkul alilazwa katika hema la sufu lililosimamishwa kando ya nyumba ya ghorofa, kwa kuwa mtu wa kwao hata akiishi ghorofa ya nne yenye bafu, hafi kwenye bafu hilo. Maiti hushushwa, hulazwa hemani. Wanawake wakaketi upande wake nyuso zimeelekea ukuta. Na wanaume wakaja kama waendavyo: wakianza kulia tangu mbali barabarani, wameegemea fimbo, wakiita, "Ole wangu, mlima wangu wa kuegemea." Kilio cha mwanamume hakijitoshelezi. Lazima kijibiwe kutoka ndani, na mwanamke, kwa maneno na kwa sauti ya wimbo: huyu aliyelala ni nani, baba zake saba ni akina nani, alikunywa maji ya mto upi na mlima gani utamkosa. Kilio kisichojibiwa huanguka chini kama sahani, na aibu yake huoshwa na nyumba nzima. Zurakan, mjane wa siku moja, alifungua kinywa bila kujua kilichomo. Kilichotoka kiliwafanya hata Warusi wa zimamoto wavue kofia.

Toka siku hiyo alikuwa akiitwa kwenye kila msiba. Halipwi mtu kwa kilio. Hupewa kipande cha kitambaa, kama wapewavyo wanawake wote waliohudhuria msiba wa mtu mzima. Vipande hivyo alivishona pamoja akapata mfarishi. Chiti yenye maua ilikuwa ya mpishi wa kantini. Ile nyeusi ya mistari ilikuwa ya mhandisi aliyekunywa mpaka akafa, ambaye Zurakan alimwita "mkarimu wa mkono usiofumba," na hakuna aliyebisha, kwa kuwa chupa zilimtoka kweli mkononi. Historia ya mji iliyokuwamo katika maktaba ya shule iliibwa pamoja na kabati lake. Iliyobaki ilikuwa mfarishi wa Zurakan.

Hata Mjerumani alimlilia. Bibi Berta wa idara ya hesabu alibaki peke yake ndugu zake walipofunga mizigo kurudi nchi ya babu zao, akatamka kwamba hataki kuzikwa kimya kama mwizi. Zurakan alikwenda kumwomba majina ya baba zake saba. Berta alijua wawili. Waliosalia walipotelea njiani, kati ya treni moja na nyingine. Basi Zurakan akamtungia watano. Aliwapa mashamba, farasi wa kijivu, na mmoja wao akampa ndevu za kufika mkandani. Watu walilia sana kwa ajili ya yule mwenye ndevu.

Kwa hiyo kuhusu mauti yake mwenyewe Zurakan hakuwa na upungufu. Sandukuni mlikuwa na sanda, sabuni, mfarishi wake, na jora la kitambaa cha kukatiwa watakaokuja. Baba saba alikuwa nao, wote wa kweli. Kilichokosekana ni sauti. Mama huliliwa na binti, au mke wa mwana. Na Zurakan hakuwa na mwana wa kiume, alikuwa na binti tu, Jipara, na Jipara alikuwa Yekaterinburg, Urusi, akifungasha kuku kiwandani.

Mara ya mwisho Jipara alipokuja nyumbani, mama alimkalisha amfundishe. Binti akainamisha kichwa. Kule ugenini alikuwa amepata dini zaidi ya ile aliyoondoka nayo, na shehe wao alikuwa amewaeleza kwamba machozi ya walio hai humtesa aliyekufa kaburini.

"Mama, nitakuombea dua. Kila siku. Lakini kukulilia siwezi. Nitakuwa nakudhuru."

"Nimewalilia watu maisha yangu yote. Hajarudi hata mmoja kulalamika."

Jipara alicheka, akambusu, akaondoka kabla njia haijafungwa. Tangu hapo, kila walipozungumza kwa simu, mama alimaliza na swali lilelile, utanililia? Na binti alijibu vilevile: uishi kwanza, mama. Jibu zuri, ila si jibu.

*

Hema lilikuwa moja tu mjini. Lilinunuliwa na chama cha wachimbaji enzi za soseji, na paa la jumba la utamaduni lilipoporomoka likahamishiwa stoo ya Zurakan, chini kabisa katika jengo namba sita. Jengo lile lilikuwa na ghorofa nne, ngazi mbili na wakazi wawili: Zurakan, na jirani yake Uulkan, mpishi mstaafu wa shule ya chekechea, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na kumbukumbu ya chujio. Mwaka ule maji ya theluji yaliingia stoo. Sufu ikanuka, nondo wakaingia, na Zurakan akaona kwamba kabla ya baridi lazima hema lisimamishwe, lipigwe na jua, lizibwe matundu.

Alijua vizuri hatari yake. Hema la sufu kando ya nyumba ya ghorofa lina maana moja tu, na maana hiyo huonekana tangu darajani. Ndiyo maana asubuhi ile alimgongea Uulkan.

"Ukienda dukani, waambie hema langu ni la kuanika. Hakuna aliyekufa."

"Nitawaambia," alisema Uulkan. "Kwani nani amekufa?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi," alisema Uulkan, na kufika ngazi ya chini alikuwa amebaki na chumvi ya kununua peke yake kichwani.

Vijana wa Kara-Tektir wenye mabega walikuwa Urusi kama Jipara. Waliosimamisha hema walikuwa wavunja nyumba, wageni kutoka bonde jirani waliokuja kubomoa majengo matupu ili wachukue matofali na nondo za chuma. Mtu akiona wanavyofanya kazi angedhani mji unajengwa, kwa bidii ileile, ila kinyumenyume. Waliinua mbavu za mti, wakafunga sufu, wakakataa chai kwa heshima na nyuso za huzuni. Hawakuuliza nani amefiwa. Watu wa heshima hawaulizi. Zurakan naye hakueleza, akidhani huzuni ile ni ya njaa.

Walipofika dukani kununua sigara walisema kwamba wamesimamisha hema la msiba jengo namba sita, ni la bibi mmoja. Muuza duka akauliza bibi yupi. Hawakumjua jina. Kwa bahati jambo hilo halikuhitaji jina: jengo namba sita lilikuwa na mabibi wawili, na mmoja wao alikuwa amesimama palepale ameshika chumvi. Macho yote yakamgeukia Uulkan, kisha yakatoka kwake. Uulkan mwenyewe alipiga hesabu ileile polepole, akapata jibu lilelile, chumvi ikamponyoka.

"Asubuhi alinigongea," alisema akilia. "Alikuja kuniambia kitu. Kumbe alikuwa anaaga."

Mahali pengine mtu angekimbilia mlangoni kwa marehemu kuhakikisha. Hapa haikumjia mtu akilini. Hema limesimama, hema halisemi uongo. Uulkan alitoa simu palepale akampigia Jipara, kisha akaenda nyumbani kwa muuza duka kuazima shali nyeupe ya msiba, na habari ikatembea mjini bila kuhitaji miguu yake.

*

Zurakan alikuwa ndani ya hema, ameketi juu ya mkeka wa sufu, akiziba matundu ya nondo kwa sindano nene. Uso ulikuwa umeelekea ukuta. Si kwamba alichagua. Ndiyo sehemu ambayo mwili wake ulikuwa umezoea kukaa. Jua lilipasha sufu joto, naye alikuwa ameanza kusinzia aliposikia kutoka barabarani sauti aliyoijua kuliko jina lake.

"Ole wangu, shangazi yangu, mlima wangu wa kuegemea."

Alichowaza kwanza ni: nani huyo, maskini, na wamelitoa wapi hema? Akatazama huku na huku. Hema lilikuwa hili.

Angeweza kutoka. Alishika hata pazia la mlango. Lakini mtu ambaye maisha yake yote ameandaa karamu za wengine, akisikia wageni wanafika kwenye yake, hakimbilii mlangoni kuwarudisha. Na lazima pia isemwe kwamba alitaka kusikia. Siku ya Satarkul barabara ilijaa zamu tatu nzima, na sauti zao ziliangusha theluji kwenye paa la shule. Sasa alitega sikio. Zilikuwa sauti nne. Moja ina pumu. Huyo ni mzee Ormon, fundi umeme mstaafu. Nyingine ilikuwa ikisahau maneno na kuishia kuunguruma. Hiyo ndiyo zamu yote iliyobaki juu ya ardhi.

Kisha sauti changa ikaingia kati. Ilikuwa ya mullah Talant, kijana aliyerudi kutoka masomoni na kukuta waumini wake wote wana umri wa babu yake.

"Wazee wangu, nimesema mara ngapi? Tusilie kwa sauti. Si sunna."

"Mullah wangu," alisema Ormon akihema, "tukifika msibani tufanye nini basi? Tukohoe?"

"Tunyamaze, tuombe."

"Kunyamaza tunanyamaza mwaka mzima, mwanangu. Hapa tumekuja kupumzika."

Wakalia tena, safari hii karibu kabisa, vichwa vyao karibu vinagusa sufu. Wakamaliza. Wakasubiri.

Hapakuwa na wa kuwajibu. Uulkan alikuwa bado anatafutiwa shali. Na Zurakan, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kuruhusu kilio kianguke chini, alikisikia kinaanguka mbele ya mlango wake mwenyewe. Aliona aibu. Aliwaonea haya wazee wale waliopanda mlima na mapafu mabovu, wakasimama wakingoja kama watu waliobisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Na pale, kwa sababu kazi ni kazi, akageukia ukuta, akaweka viganja kiunoni, akawajibu:

"Niliwagawia taa, nami nikawa kizani;
nimewalilia wengi, wa kunililia nani?"

Akaendelea. Akawataja baba saba kwa mpangilio. Akautaja mto unaotoroka na jua lisilokaa, ndoana iliyobaki tupu na ua la mlimani. Wanaosema walisikia vizuri husema hakuwahi kulia hivyo kwa ajili ya mtu yeyote, hata Satarkul. Nje, wazee wawili walilia machozi ya kweli kabla ya kugundua kuna jambo haliendi sawa. Aliyegundua kwanza ni Ormon.

"Jamani," alisema taratibu. "Sauti hiyo si ya marehemu?"

Mullah Talant, aliyesoma mengi lakini si hilo, alirudi nyuma mpaka akakalia ndoo ya makaa. Zurakan alimaliza ubeti aliokuwa nao, maana ubeti haukatwi katikati, kisha akafungua pazia akatoka na sindano mkononi.

"Nilikuwa naanika sufu," alisema.

Walicheka. Walicheka kama watu ambao hawajacheka tangu kiangazi cha mwaka juzi, wakishikana mabega, pumu ya Ormon ikipiga filimbi. Ormon alitangaza kwamba kwa kuwa amekwisha kulia, hatakuja tena, amelipa. Zurakan alichemsha chai, akatoa mkate na maandazi aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya wavunja nyumba, wakanywa ndani ya hema kwa kuwa mlikuwa na joto. Ungepita ungesema ni harusi iliyokosa bibi harusi tu. Ndipo Uulkan akafika na shali yake ya kuazima, akamwona marehemu anamimina chai, akaketi chini, akasema jambo lililozima vicheko.

"Dada. Nilishampigia Jipara."

Zurakan aliweka birika chini. "Akasemaje?"

Uulkan akaikunja shali, akaikunjua. Aliulizwa mara ya pili.

"Alisema tukuzike kwa taratibu za dini. Kusiwe na kelele. Kazini wamempa siku mbili, na safari peke yake ni zaidi ya hizo. Alisema atajaribu kuja arobaini. Au mwaka ukitimia."

Hakuna aliyemtazama Zurakan. Wazee waligundua ghafla kwamba giza linakaribia, ingawa Kara-Tektir giza huwa linakaribia daima, wakaaga. Mullah Talant alibaki nyuma kidogo, akataka kusema kitu chenye faraja, na kwa mara ya kwanza tangu aje mjini hakupata aya inayofaa. Aliinua ndoo ya makaa aliyoikalia, akaipeleka hadi mlangoni kwa Zurakan, akaondoka.

Simu ya Uulkan ililia wakiwa wawili tu. Ilikuwa Jipara, anataka kujua kama mama aliteseka. Zurakan akanyoosha mkono.

"Jipara."

Binti akauliza anayesema ni nani.

"Ni mimi. Uulkan alikosea. Nilikuwa naanika hema."

Upande wa pili kikaanza kilio. Kilikuwa kirefu na cha kweli, kile ambacho mtu hukizuia siku nzima mbele ya wakubwa wa kazi na sasa kimepata mlango. Zurakan alikisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja, kama fundi anavyosikiliza injini ya mwenzake. Alingoja maneno. Hayakuja. Kilipotulia, binti alisema kwa sauti iliyovimba:

"Mama, umenifanya nini? Nimeshawaambia kazini umekufa. Nitakwenda kesho niwaambie umefufuka?"

"Usiwaambie."

"Na siku ukifa kweli, watanipa ruhusa gani? Watasema, huyu mama yake alikufa mwaka jana."

Zurakan alifikiri. Alitafuta kosa katika hesabu hiyo, hakuliona. "Ni kweli," alisema. "Hawatakuamini."

"Uishi tu, mama."

"Nitaishi," alisema Zurakan, na safari hii hakuuliza swali lake.

Alimrudishia Uulkan simu. Uulkan, ambaye alijua ana deni la maisha na hakujua pa kuanzia kulilipa, aliuliza kama mtoto alilia vizuri.

"Alilia sana. Ila bila maneno."

"Si ni kulia pia, dada?"

"Ndama naye hulia," alisema Zurakan, "akitengwa na mama yake."

Uulkan alisema yeye yupo, yeye atalia. Ila akakiri hapohapo kwamba baba saba hatawakumbuka, labda wawili, na mmoja wao huenda akawa wa mtu mwingine. Zurakan alimshika mkono. Alimwambia atakaposahau atunge, na mmoja wao asiache kumpa ndevu.

Siku iliyofuata wavunja nyumba walipita kuuliza kama wabomoe na hema. Walikuwa wanamaliza jengo namba tano, wanashuka kwao kabla njia haijafungwa. Zurakan alisimama akaliangalia. Hadi atakapolihitaji, mwenye bega la kulisimamisha atakuwa wapi? Ormon hawezi kuinua ubavu mmoja. Mullah mmoja hasimamishi hema.

"Liacheni," alisema.

Wakaliacha. Theluji ilikuja, ikafunga mdomo wa gunia, ikalivika hema kofia nyeupe. Watu wa mji wamelizoea, wanapita kando yake kama wanavyopita kando ya jumba lisilo na paa. Wasiolizoea ni madereva wa malori ya makaa tu, wachache, wageni, ambao theluji ikilegea hupandisha kuokota mabaki yaliyoachwa shimoni. Wakiliona tangu darajani huzima redio. Wakifika usawa wa jengo namba sita hupunguza mwendo, huvua kofia, na kumwinamia kwa pole bibi kizee aliyesimama mlangoni na ndoo. Naye huiweka ndoo chini, kwa adabu, na kuzipokea pole zao.